Mlango wa Mbao Mbichi na Basi la Mgiriki wa Kayanga

Vijana, kabla hamjapanda basi lolote, ligongeni ubavuni kwa kifundo cha kidole. Msione haya. Mimi hufanya hivyo mpaka leo pale stendi ya Kayanga, na makondakta wamezoea kunicheka. Juzi mmoja aliniambia, "Ta, hilo ni gari, si nanasi." Ta ndivyo tunavyomwita mzee kwa heshima huku kwetu, kwa hiyo alinicheka kwa adabu. Nilimjibu kwamba nanasi na basi vyote husema ukweli vikigongwa. Bodi iliyofungwa vizuri hutoa sauti fupi, nzito, kama mlango wa ghala la kahawa. Iliyolegea hulia kama debe. La kwake lililia kama debe. Nilipanda hivyo hivyo kwa sababu nilikuwa nimechelewa misa, lakini kwanza nilimwonyesha riveti nne zilizong'oka chini ya dirisha, naye akaacha kucheka.

Mimi ni Leonsi, mzaliwa wa Kibingo, na kwa miaka karibu arobaini nilijenga bodi za mabasi. Injini haikuwa kazi yangu. Ikizimika mnaniita bure. Kazi yangu ilikuwa kila kitu kinachomgusa abiria: sakafu anayokanyaga, kiti anachokalia, dirisha analochungulia, paa linalobeba mikungu yake ya ndizi. Siku hizi mabasi yanashushwa melini yakiwa mazima, yana viti na mapazia, na fundi bodi amebaki kuwa mtu wa kunyoosha palipobonyea. Silalamiki. Ila mmeniuliza nilijifunzaje kazi, na siwezi kulieleza hilo bila kueleza nilivyoiharibu kwanza.

Wagiriki walikuwa mkoani kwetu kabla sijazaliwa. Wengine walikuwa na mashamba, wengine maduka, wengine malori ya kubebea kahawa. Wangu mimi aliitwa Manoli. Alikuwa mfupi, mpana, na masharubu yake yalikuwa na vumbi la mbao kila siku, hata Jumapili. Alijua salamu moja tu ya Kinyambo chetu, ya asubuhi, na aliitumia kutwa nzima. Saa kumi na moja jioni anakuuliza umeamkaje. Watu walimjibu kwamba wameamka salama, maana ilikuwa rahisi kuliko kumsahihisha.

Alinipata kwa sababu ya pombe. Wakati huo nilikuwa mchonga mitumbwi, ile mirefu ya mti mmoja ambamo ndizi mbivu hukanyagwa kwa miguu zikatoa maji ya kutengenezea rubisi. Manoli alikuja Kibingo kununua kahawa, akakuta watu wanakanyaga ndizi kwenye mtumbwi niliouchonga mimi. Badala ya kuomba aonje, alilala chali chini ya mtumbwi akaangalia tumbo lake. Wenyeji walidhani ameshakunywa kwingine. Alikuwa anatafuta tone. Hakuliona. Akauliza aliyeuchonga ni nani, nikasukumwa mbele. Akaniambia kwa Kiswahili chake kwamba mtu anayejua kuzuia pombe isitoke anajua pia kuzuia mvua isiingie, na kwamba kesho nimfuate Kayanga.

Kumbe baba yake alikuwa mjenzi wa mashua huko kisiwani kwao. Manoli mwenyewe alikuwa na lori kuukuu lililochoshwa na magunia ya kahawa, na alitaka kulivua bodi na kulijengea nyingine ya basi. Hakuwahi kujenga basi. Mimi sikuwahi hata kulipanda. Alinieleza kwamba basi ni mashua iliyopinduliwa juu chini: mbavu zikiwa imara, mengine yote ni nguo tu. Nilielewa mara moja, na mpaka nastaafu sikupata maelezo bora kuliko hayo.

Basi lenyewe halikuwa la safari ndefu. Yale yalikuwepo, yaliondoka alfajiri kwenda Bukoba na kurudi yanapojaliwa. Manoli alitaka la kuzunguka hapa hapa, kati ya Kayanga na Omurushaka, kutwa nzima, huko na huku. Kayanga wakati huo ilikuwa safu mbili za maduka, na Omurushaka ilikuwa njia panda yenye soko. Katikati palikuwa na migomba na watu wanaotembea kwa miguu. Yeye alisema hivyo viwili siku moja vitakuwa mji mmoja, na mji ni mahali ambapo mtu hupanda gari hata kwa safari fupi. Watu walicheka sana. Mwenye duka jirani alisema kulipa nauli ya kwenda Omurushaka ni sawa na kulipa nauli ya kwenda jikoni kwako. Leo nikihesabu bajaji na bodaboda zinazopita barabara hiyo nashindwa, kwa hiyo mjue nani alikuwa na haki ya kucheka.

Jina langu lilitupa shida. Manoli alilikata akaniita Leo. Alikuwa akisimama mlangoni mwa karakana na kuita, "Leo! Kesho tunapiga bati!" na nusu ya wafanyakazi wanakuja na nyundo leo, nusu nyingine wanakuja kesho. Tulitengeneza na samani pia, na kuna mteja alikuja kuulizia meza yake, akamsikia Manoli akijibu, "Leo anamaliza," akakaa kuisubiri mpaka jua likazama, na mimi nilikuwa nimekwenda kwetu siku mbili.

Hakuchora kwenye karatasi. Alichora kwa kijiti kwenye vumbi la uani, basi zima, kwa ukubwa wake halisi, nasi tulipima kwa uzi kutoka ardhini. Kuku wa jirani walipita juu ya mchoro na kufuta walichofuta. Ndiyo sababu basi letu lilikuwa na madirisha saba upande wa kulia na matano kushoto. Tulipogundua, bati lilikuwa limeshakatwa. Manoli alizunguka gari mara tatu, kisha akasema abiria hawezi kuona pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Viti tulivijaza majani makavu ya migomba. Yalikuwa laini, lakini kila gari lilipoingia shimoni yalichakacha yote pamoja, ungedhani shamba zima linapigwa na upepo. Na skurubu, sikilizeni hili, halijapitwa na wakati: paka sabuni kabla ya kuifunga kwenye mbao ngumu. Inaingia bila kupasua mbao, na miaka kumi baadaye inatoka bila kukatika kichwa. Mimi nilikataliwa kugusa bisibisi kwa mwezi mzima kwa sababu nilidhani sabuni ni ya kunawia.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa kulaza mbao. Mti uliopasuliwa karibuni una maji ndani yake. Ukiutumia hivyo, utakuchezea: jua likiwaka unajikunyata, mvua ikinyesha unavimba. Manoli alizipanga mbao za mvule kivulini, akaweka vipande vidogo kati ya ubao na ubao ili upepo upite, akaziacha mwaka na zaidi. Alizipita kila asubuhi na kuzigusa kwa shavu. Ubao mbichi ni baridi shavuni, mkavu hauna baridi. Aliniuliza kuhusu kila ubao, "Hii kwisha lala?" Yaani, imeshalala? Nami nilijibu ndiyo au bado, kama mlezi.

Hapo ndipo nilipokosea, na halikuwa kosa la ujinga.

Nilikuwa na mchumba, Domina, wa kule kwetu Kibingo. Huyu huyu bibi yenu, ambaye sasa hivi amekaa mlangoni anachambua maharage na kusikiliza kama nasema uongo. Nilitaka kumpelekea sanduku la nguo kabla ya harusi, sanduku ambalo mama zake wangelipitishia mikono. Mbao zilizolala vizuri zilikuwa zimebaki mbili tu, na Manoli alikuwa amezitenga kwa ajili ya nusu ya chini ya mlango wa abiria. Nikazitazama siku tatu. Siku ya nne nilizichukua, na mahali pake nikafunga mlangoni mbao mbili mbichi za rangi ile ile, kabla Manoli hajazigusa kwa shavu. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba mlango ni mlango.

Sanduku lilikuwa zuri. Domina alilipokea, akapanga vitenge vyake ndani, na mama yake akaniita mwanangu kwa mara ya kwanza.

Basi lilipokamilika ilibidi likaguliwe, na mkaguzi wa magari akatoka Bukoba kuja kulitazama. Bila karatasi yake, Manoli asingeruhusiwa kubeba hata mtu mmoja, na alikuwa ametia kila alichokuwa nacho kwenye lile gari. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo kabla ya mkaguzi kufika. Mimi nilisikiliza ile mvua nikiwa kitandani, nikizifikiria zile mbao mbili.

Mkaguzi alikuwa mtu mrefu, mwenye soksi zilizopanda mpaka magotini na daftari kwapani. Alikagua matairi, taa, usukani, akaridhika. Manoli alikuwa amewaalika watu kumi na wawili wakae ndani ili mkaguzi aone gari likiwa na uzito. Kati yao alikuwemo Ma Anastazia, mama mnene aliyekuwa akiuza ndizi mbivu Omurushaka kila siku ya soko, na alikuja na kapu lake kwa sababu, alisema, hajapata kuona jambo linalomzuia mtu kufanya biashara. Mkaguzi akaingia kuhesabu viti. Dereva wetu, Petro, akafunga mlango kutoka nje.

Petro alikuwa kijana mpole ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Rwanda wakiwa vibarua wa mashamba. Alikuwa amehangaika miaka kupata leseni ya udereva, na aliiweka kwenye mfuko wa shati upande wa moyo, ndani ya bahasha. Aliufunga mlango kwa nguvu kidogo kwa sababu ulikuwa mgumu. Nilisikia ile sauti. Ilikuwa sauti ya kitu kilichoingia mahali kisipotaka kutoka.

Mkaguzi alimaliza kuhesabu, akaomba kufunguliwa. Petro akavuta mpini. Akavuta tena. Mara ya tatu mpini ukabaki mkononi mwake. Mbao zangu mbichi zilikuwa zimevimba, zikabana juu na chini, na mlango ukawa sehemu ya ukuta.

Pengine mnauliza kwa nini hawakutokea dirishani. Kwa sababu mimi fundi hodari nilikuwa nimeweka nondo kwenye madirisha yote kumi na mawili, ili watu wasitoe mikono nje. Mlango wa nyuma hatukuwa nao. Chumba cha dereva kilitengwa kwa ukuta wa mbao, na huo, nasema kwa fahari na aibu, ulikuwa wa mbao kavu kabisa.

Mkaguzi aliandika kitu kwenye daftari. Kisha Ma Anastazia akasema kwa sauti ya mtu anayetoa shauri la kawaida kwamba kwa kuwa watu wote wameshakaa, na siku yenyewe ni ya soko, na ndizi zake haziwezi kungoja mafundi, gari liende tu Omurushaka. Mkaguzi alitazama nje kupitia nondo. Nadhani aliona kwamba kukaa pale akitazamwa na Kayanga nzima ni kubaya zaidi. Akasema ni sawa, atapima breki akiwa humo humo.

Wakaenda. Manoli na mimi tulifuata kwa baiskeli moja, yeye amekaa nyuma ameshika randa na patasi. Nilikanyaga pedali kama ninayepelekwa kuhukumiwa, maana ndivyo ilivyokuwa.

Omurushaka tuliwakuta wamezungukwa. Watu walikuwa wameona gari jipya lenye nondo madirishani, watu wamekaa kimya ndani, na ofisa wa serikali mwenye soksi katikati yao, wakaamua kwamba ni wafungwa wanahamishwa. Mama mmoja alikuwa anawapitishia maji. Kijana mwingine alimwuliza mkaguzi amefungwa kwa kosa gani. Ma Anastazia yeye alikuwa anauza ndizi kupitia nondo, na baadaye aliniambia hajawahi kuuza upesi kiasi kile, maana kila mtu alinunua kwa huruma.

Niliukwangua ule mlango kutoka nje, juu na chini, mpaka ukaachia. Mkaguzi alishuka, akajinyoosha, akaondoa ganda la ndizi kwenye daftari lake. Hakufoka. Alisema mlango umeharibiwa kwa kubamizwa, na dereva anayebamiza mlango hafai kupewa roho za watu. Akanyoosha mkono kwa Petro na kumwomba leseni.

Petro aliitoa ile bahasha. Aliigeuza mara mbili kabla ya kuanza kuifungua. Manoli akaingia kati akasema gari ni lake, na mlango ni wake, na kosa ni lake. Mkaguzi akasema anajua gari ni la nani, anataka kujua kosa ni la nani.

Vijana, sitawadanganya kwamba nilisema papo hapo. Nilingoja. Nilingoja nione kama Petro atasamehewa bila mimi. Bahasha ilifunguka, leseni ikatoka, mkaguzi akaishika, na ndipo ulimi wangu ulipolegea. Nikasema, "Bwana mkaguzi, mlango ni mbao mbichi. Nilijua. Zile kavu nilizichukua nikamtengenezea mchumba wangu sanduku."

Mbele ya soko zima nilisema hivyo. Mkaguzi alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani. "Na hilo sanduku," akauliza, "linafunguka?"

Nikajibu kwamba linafunguka vizuri sana.

Kwanza alicheka Ma Anastazia, halafu soko, halafu mkaguzi mwenyewe akageuka pembeni akajifanya anakohoa. Manoli hakucheka. Mkaguzi alimrudishia Petro leseni yake, akaandika kwamba gari halitabeba abiria mpaka nondo zitolewe, mlango wa nyuma utobolewe, na mlango wa mbele ujengwe upya kwa mbao kavu. Alitoa wiki mbili. Baada ya hapo angekwenda wilaya nyingine na asingerudi mpaka msimu upite.

Tulirudi Kayanga tukisukuma baiskeli. Karibu na nyumbani ndipo Manoli aliposema. Hakuniita mwizi. Alisema mlango wa nyuma atautengeneza kwa bati, lakini mbao kavu hazinunuliwi kwa wiki mbili, zinangojewa mwaka, na yeye alishazingojea. "Leo," aliniambia, "mbao yangu iko Kibingo. Nenda lete."

Niliomba anifukuze kazi badala yake. Akasema kufukuzwa ni rahisi, niende Kibingo.

Nilipata lifti kwenye lori la kahawa, kilichobaki nikatembea. Njia nzima nilitunga uongo. Nilifikiri kusema sanduku lina mchwa. Nilifikiri kusema nataka kuliongezea kufuli. Nilipomkuta Domina anapalilia maharage kati ya migomba, uongo wote ulinitoka, nikamweleza kama nilivyomweleza mkaguzi, hata jinsi nilivyongoja mpaka leseni ikatoka.

Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe. Kisha akaingia ndani. Nilimsikia anatoa vitenge kimoja kimoja na kuviweka kitandani. Alitoka nalo sanduku kichwani, akaliweka miguuni pangu.

"Chukua," akasema. "Afadhali nimejua sasa kuliko ningejua nikiwa na watoto watatu. Utaniletea lingine, la mbao zako mwenyewe. Sitahesabu miezi, lakini wewe hesabu."

Mama yake hakuniita mwanangu siku hiyo. Baba yake alinisaidia kulifungua skurubu moja moja, na kwa kuwa nilikuwa nimezipaka sabuni zilitoka zote bila kukatika. Akasema angalau hilo nimejifunza. Nilirudi Kayanga nikiwa na mbao zimefungwa kwenye baiskeli ya kuazima, na nililia njiani. Domina anasema hapa mlangoni kwamba sikulia, kwamba naongeza chumvi. Yeye hakuwepo njiani.

Mlango ulihitaji upana wa sentimita sabini, na mbao za sanduku zilikuwa za mita moja, kwa hiyo zilitosha na vipande vikabaki. Manoli aligusa kila moja kwa shavu. Siku ya kumi na tatu mkaguzi akarudi, akafungua na kufunga ule mlango mara nyingi kuliko ilivyolazimu, akatia sahihi. Kisha akaingia na kukaa, akaomba apelekwe Omurushaka. Alisema safari hii angependa kushuka akifika.

Adhabu yangu ilikuja baadaye. Manoli aliniweka mlangoni mwa basi miezi miwili. Kazi yangu: kumfungulia kila abiria, kumfungia, kumtazama. Karakana sikuruhusiwa kuingia. Niliona ni kudhalilishwa, fundi mzima kufanywa mfungua mlango. Wiki ya kwanza Ma Anastazia alisimama chini, kapu kichwani, mjukuu mgongoni, akakitazama kidato cha kupandia, akaniuliza kama basi hili nililijenga kwa ajili ya mbuzi. Kidato kilikuwa juu mno. Mwanamume mwenye suruali halijui hilo, lakini mwanamke aliyejifunga kitenge hawezi kuinua mguu kiasi kile bila kuacha heshima yake barabarani. Nilitoa uzi nimpime hatua. Akasema hakuna kijana atakayempima mguu mbele ya watu. Safari iliyofuata alikuja na matofali mawili ya kuchoma, akayapanga moja juu ya jingine chini ya mlango, akapanda, akasema, "Hapa."

Tangu siku hiyo kila kidato nilichojenga kilikuwa na urefu wa matofali mawili. Nimejenga kwa watu wa Bukoba, wa Mwanza na wa Ngara, na hakuna aliyejua kwamba kipimo kimetoka kwa muuza ndizi wa Omurushaka. Pale mlangoni ndipo nilipojua pia kwamba mtoto aliyebebwa mgongoni anagonga kichwa kwenye mgongo wa kiti kama kiti kimesimama wima mno. Kwamba mgonjwa anayekwenda hospitali anataka kukaa karibu na dirisha, si karibu na mlango. Kwamba mzee hashiki chuma kilichopigwa na jua. Manoli alinipokea tena karakana baada ya miezi miwili, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuvunja kidato.

Domina alipanda basi hilo siku ya harusi yetu. Manoli alilipeleka mpaka Kibingo, Petro akiendesha kwa mwendo wa maandamano, na mke wangu alipofika mlangoni alisimama kidogo akaupapasa ubao kwa kiganja, akaniangalia, akapanda. Sanduku la pili alilipata mwaka mmoja na miezi minne baadaye. Alihesabu.

Manoli alizeeka. Magoti yalimsumbua, biashara ya usafiri ikabadilika mikono, na binti yake aliyeolewa mbali akamwita. Wengine husimulia kwamba mwajiri wao alipoondoka aliwaachia zana bure huku machozi yakimtoka. Wangu aliniuzia. Randa, misumeno, jiliwa la kubania mbao, zote, na hakupunguza hata senti. Niliudhika. Akaniambia kitu cha kupewa mtu hukiazimisha ovyo, lakini alichokitolea jasho hukifungia kabatini. Asubuhi ya kuondoka alipita kwenye mbao zilizolala kivulini, akagusa ubao mmoja mmoja kwa shavu mpaka wa mwisho, akaniambia ni zipi bado. Kisha akapanda gari, akakaa kiti cha upande wenye madirisha saba. Sikumwona tena.

Na basi? Injini yake ilikufa kabla ya bodi. Petro, aliyeliendesha mpaka mwisho, aliomba bodi isivunjwe, na basi likavutwa kwa trekta mpaka Songambele, likashushwa kwenye matofali karibu na kanisa, likawa darasa la watoto wadogo ambao hawajaanza shule. Siku moja niliitwa kurekebisha kiti. Niliwakuta watoto wamekaa wawili wawili, mwalimu wao amesimama mahali pa dereva, ubao wa kuandikia umefungwa palipokuwa kioo cha mbele. Waliniamkia shikamoo kwa pamoja. Nilipiga magoti nikafunga kiti huku wakinitazama, na msichana mmoja wa kiti cha mbele akaniuliza kama ni kweli darasa lao zamani lilikuwa linakwenda.

Nikamwambia ni kweli, lilikwenda Omurushaka na kurudi, mara nane kwa siku.

Akafikiri. Akauliza, sasa mbona limesimama.

Nilitazama nyuma. Kulikuwa na viti viwili vitupu.

"Linangoja lijae," nikamwambia, nikachukua bisibisi yangu nikashuka.